Moshi Usio na Mshitakiwa

Mazungumzo ya jioni hii yanawahusu ninyi mlio jikoni kuliko mtu mwingine yeyote, ingawa itanibidi nianze mbali kidogo, jalalani, kabla sijaja kubisha hodi mlangoni kwenu.

Katika miaka ya themanini ya karne iliyopita, Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilikuwa ikimwaga taka zake Tabata, mahali ambapo palikuwa pamekwisha kuwa makazi ya watu. Na taka zile, kama ilivyo desturi ya jalala lolote lisilotunzwa, zilikuwa zikiwaka na kufuka, moshi wake ukiingia majumbani na kuwakohoza watoto na wazee pamoja, fauka ya uvundo na mainzi. Wakazi wa Tabata walivumilia kwa muda, kisha mwaka 1988 wakafanya jambo ambalo wakati ule halikuwa la kawaida katika nchi yetu, yaani walikwenda Mahakama Kuu kuishitaki Halmashauri ya mji wao wenyewe. Mahakama ikaamuru Jiji liache kumwaga taka pale, litafute mahali pengine pasipodhuru watu. Jiji halikuikataa amri ile waziwazi. Lilichofanya ni kuomba muhula, na muhula ulipokwisha likaomba mwingine, hata Jaji Lugakingira akauchoka mchezo huo. Alisema, nami natoa maana tu, si maneno yake yenyewe, kwamba hajapata kusikia popote mamlaka ya umma, wala hata mtu binafsi, ikisimama mbele ya mahakama bila ya soni kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu; na kwa kuwa Katiba yetu katika ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kuishi, alikataa kuongeza hata siku.

Hukumu ile ilikuwa ya insafu, na wanafunzi wa sheria wanaisoma mpaka leo. Lakini tazameni yaliyofuata. Taka zilipoondolewa Tabata zilipelekwa Kunduchi Mtongani. Watu wa Mtongani nao, mamia kwa mamia, wakaenda mahakamani mwaka 1991, nao wakapata haki yao. Taka zikahamia Vingunguti, na baada ya miaka zikaondoka huko pia, hatimaye zikafika Pugu Kinyamwezi. Tabata na Mtongani zilishinda kesi zao, na mji mzima ukabaki na moshi wake.

Wala si uadilifu tukilitupia Jiji lawama zote, maana katika nyua zetu wenyewe, kila jioni, tunafagia, tunakusanya, tunawasha kiberiti, kisha tunaingia ndani kana kwamba kazi imekwisha. Taka za zamani zilikuwa majani na maganda ya muhogo, moshi wake ukiwasha macho na kupita. Taka za leo ni chupa za plastiki, karatasi za nailoni, kandambili na vipande vya magodoro, na vitu hivi vinapoungua kwa moto mdogo wa uani hutoa sumu za namna nyingi, zikiwamo zile ziitwazo dioksini, ambazo mwili wa mwanadamu ukizipokea hauziachi upesi. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi wa Agosti 2017, na Tanzania ikafuata mwezi wa Juni 2019, na kwa jambo hilo serikali zote mbili zinastahili shukrani. Walakini mfuko ulikuwa sehemu moja tu ya yale tunayoyatia motoni.

Sasa yatupasa tuulize, ni nini hasa kilichomo ndani ya moshi? Sisi tunaona wingu la kijivu likipanda na kutoweka, na kwa kuwa limetoweka machoni tunadhani kwamba limekwisha. Ilhali kilicho kibaya kuliko vyote ndani yake ni kile ambacho jicho halikioni, yaani chembe za masizi ambazo upana wake haufikii sehemu mbili na nusu za elfu moja ya milimita, hata unywele mmoja wa kichwani unazizidi unene kwa mara thelathini hivi. Vumbi nene la barabarani hukamatwa puani na kooni, nasi tukalipenga au kulitema. Chembe hizi ndogo hupita pote humo, zikashuka mpaka katika vifuko vya mwisho vya mapafu, na nyingine zikavuka zikaingia katika damu. Ndiyo sababu matabibu wa leo, wanapotaja maradhi yatokanayo na hewa chafu, hawakomei katika pumu na kikohozi cha muda mrefu, bali wanataja pia kiharusi, maradhi ya moyo, saratani ya mapafu, na kichomi cha watoto wadogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu, ya nje na ya ndani ya nyumba, husababisha vifo milioni 6.7 kila mwaka. Mwaka 2021 shirika hilo lilishusha kipimo chake cha chembe hizo, kwa wastani wa mwaka, kutoka maikrogramu 10 hadi 5 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa, na kwa kipimo hicho karibu watu wote wa dunia, 99 katika kila 100, wanavuta hewa isiyofaa. Wako wanaosema kwamba kipimo kinachowashinda watu wote hakina maana. Rai yangu ni nyingine: kipimo hakikuwekwa ili kutufurahisha, na pafu la mtoto halijui kwamba majirani nao wanakohoa.

Nimesema kwamba watu wa Tabata walikuwa na wa kumshitaki. Kadhalika watu wa Owino Uhuru, mtaa wa maskini ulioko upande wa Mikindani huko Mombasa, ambao mwaka 2007 walijengewa ubavuni mwao kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi. Moshi wake na maji yake machafu vilieneza risasi hewani, udongoni na visimani, na risasi ikiingia katika damu ya mtoto hudhuru ubongo wake kwa namna isiyotibika. Mama mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda hicho, Phyllis Omido, baada ya mwanawe kuugua na kupimwa akakutwa na sumu hiyo, aliacha kazi akasimama na wanamtaa wenzake, akakamatwa, akatishwa, asirudi nyuma. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama huko Mombasa ikaamuru wanamtaa walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Tangu kiwanda kufunguliwa hadi neno la mwisho la mahakama, ni miaka kumi na saba. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kwanza alikuwa amekwisha kuwa kijana.

Na ajabu ni kwamba kiwanda hicho kilipojengwa risasi ilikuwa imekwisha kufukuzwa mahali pengine. Mataifa ya Afrika kusini ya Sahara yalikutana Dakar mwaka 2001 yakaahidi kuiondoa katika petroli, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 ahadi ilikuwa imetimizwa, kwa bidii kubwa ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lenye makao yake Nairobi. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliiacha mwaka 2021. Mwenye gari hakuhisi tofauti yoyote alipokanyaga mafuta, na watoto wa mijini wakaepukana na sumu ambayo wazazi wao hawakuijua hata jina. Nalitaja jambo hili kwa sababu tumezoea kusikia kwamba Afrika haiwezi, na hapa iliweza, tena ndani ya miaka mitano.

Lakini kuna moshi ambao hauna kesi. Mama anayepika kwa kuni katika chumba chenye dirisha moja, mtoto mchanga mgongoni, akiinama kupuliza moto unaokataa kuwaka kwa sababu kuni zimelowa mvua, atamshitaki nani? Mwasha moto ni yeye, mwathiriwa ni yeye, na chakula kinachopikwa ni cha watu wake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 ulimwenguni, na zaidi ya 237,000 kati ya hao waliokufa walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Hakuna gazeti litakaloandika habari ya vifo hivi, kwa kuwa cheti cha daktari husema kichomi, husema moyo, hakisemi kuni.

Wazee wetu wa pwani hawakuwa na elimu ya chembe na vipimo, walakini walijua kulitenga jiko. Nyumba ilikuwa na ua, na jiko lilikaa uani, aghalabu chini ya paa la makuti lisilozibwa pande zote, moshi ukajiendea zake. Mji ulipojaa watu, mpango huo uliharibika. Nyumba ile ile ya vyumba sita na ukumbi katikati, iliyokuwa ya ukoo mmoja, sasa ina wapangaji sita, kila mmoja na jiko lake mlangoni pake. Na magharibi inapoingia majiko yote huwaka kwa pamoja humo ukumbini, mvua ikinyesha mlango wa uani ukafungwa, na wapangaji wakaketi katikati ya moshi wakisubiri ugali. Watu husema, sisi hatutumii kuni, tunatumia mkaa, na mkaa hauna moshi. Ni kweli kwamba mkaa uliokwisha kushika moto hufuka kidogo kuliko kuni, lakini wakati wa kuuwasha hufuka sana, na hata ukiwa mwekundu haukosi hewa yenye sumu, ambayo nitaieleza kabla sijaagana nanyi.

Katika mikutano mikubwa, kwenye kumbi zenye viyoyozi, husikika watu wakiuliza kwa mshangao kwa nini mwananchi hataki kuacha mkaa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mkaa huuzwa kwa kopo na kwa kisado, nawe ukiwa na fedha ya siku moja hununua moto wa siku moja. Gesi huuzwa kwa mtungi, na mtungi hauulizi umepata kibarua leo au hukupata. Kwa hesabu ya mwezi mzima yamkini gesi isiuzidi mkaa gharama, tena katika miji mingine ikawa rahisi zaidi. Lakini mtu anayelipwa kwa kutwa hana mwezi mzima mkononi. Hiyo ndiyo sababu, si ujinga. Tena nisiwafiche, iko sababu ya ulimi pia: wali uliopaliwa makaa juu ya kifuniko una ukavu na harufu ambayo jiko la gesi haliwezi kuigiza, na mimi mwenyewe nikialikwa penye wali wa namna hiyo sikatai.

Hebu tutazame jinsi wengine walivyolikabili jambo hili, maana waliteseka nalo kabla yetu. Mwaka 1306 Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alipiga marufuku kuchoma makaa ya mawe katika London kwa sababu ya moshi wake, wala marufuku ile haikudumu, kwa kuwa kuni zilikuwa zikipungua na kupanda bei, na watu wa baridi hawawezi kuota amri ya mfalme. Ikapita miaka zaidi ya mia sita. Mwezi wa Desemba 1952, tangu tarehe 5 hadi 9, ukungu ulitua juu ya mji ule bila upepo wa kuuondoa, na moshi wa mamilioni ya meko na wa viwanda ukaganda chini yake, hata watu wakapotea njia mchana katika mitaa waliyozaliwa. Hesabu ya kwanza ilionyesha kwamba walikufa watu 4,000 zaidi ya kawaida. Wataalamu waliochungua baadaye wakafikisha 12,000. Serikali ya wakati ule haikuwa na haraka, ikataka kwanza kuulaumu ugonjwa wa mafua, lakini mwaka 1956 Bunge lilipitisha Sheria ya Hewa Safi, ambayo iliruhusu miji kutenga maeneo yasiyotakiwa kutoa moshi. Sheria hiyo ilifaulu mahali ambapo amri ya Edward ilishindwa, na siri yake iko katika kifungu ambacho watu wachache hukitaja: mwenye nyumba aliyelazimika kubadili meko yake alirudishiwa na umma walau sehemu saba katika kumi za gharama. Walimkataza kwa mkono mmoja, wakamlipa kwa mkono wa pili.

Kwa mizani hiyo napenda tuzipime juhudi zetu. Mwezi wa Mei 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaotaka Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanaitumia ifikapo mwaka 2034. Na mwezi huo huo Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa miongoni mwa wenyeviti wa mkutano wa Paris ambapo mataifa na makampuni yaliahidi dola bilioni 2.2 kwa ajili ya mapishi safi barani Afrika. Taasisi zinazopikia watu wengi, kama vile shule na magereza, zimeamriwa kuacha kuni na mkaa, na hilo ni jema kwa sababu chungu kimoja cha shule ya bweni hula mti mzima. Lakini katika mitaa nimeona mitungi ikigawiwa bure mbele ya kamera, na gesi ya kwanza ilipokwisha mtungi ukageuka kigoda cha kukalia wakati wa kuwasha mkaa. Mtungi wa kwanza si kazi. Kazi ni mtungi wa pili. Heri fedha ile ile ikatumika kumpunguzia mtu bei ya kujaza, au kueneza vile vipimo vya gesi vinavyomwezesha kununua kidogo kidogo kama anavyonunua kopo la mkaa, na mahali penye umeme, hasa sasa ambapo bwawa la Julius Nyerere huko Rufiji limejengwa kutoa megawati 2,115, kumkopesha sufuria ya umeme ya presha, ambayo huivisha maharage bila moshi na kwa umeme usio mwingi.

Na wale ambao gesi na umeme havitawafikia leo wala kesho wasiambiwe wangoje. Jiko la udongo lenye ganda la bati, ambalo mafundi wa jua kali wa Nairobi walianza kulitengeneza kwa wingi katika miaka ya themanini, hula mkaa kidogo kuliko jiko la bati tupu; dohani ya matofali hutoa nje sehemu kubwa ya moshi wa kuni; kuni zilizokaushwa juani hufuka kidogo kuliko mbichi; na maharage yaliyolowekwa usiku kucha hupunguza muda wa moto. Hayo ni mambo madogo, wala sidai kwamba yanaponya, lakini yanapunguza, na kupunguza kwa mtu anayepika mara tatu kwa siku maisha yake yote si haba.

Mintarafu ya magari sina mengi. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kwamba tangu mwaka 2015 dizeli iwe yenye salfa kidogo sana, na Dar es Salaam ilianzisha mabasi ya mwendokasi mwaka 2016, ambayo kila moja huweza kubeba abiria wa daladala kadhaa. Dizeli nzuri ndani ya injini iliyochoka bado hutoa moshi mweusi, na lori linalopanda mlima likituachia wingu nyuma yake halina siri. Trafiki huliona, abiria huliona, na kibandiko cha ukaguzi kiko kiooni. Hapo hapahitajiki mkakati mpya, panahitajika ukaguzi usionunulika.

Limebaki lile neno nililoliahidi, nalo halingoji bunge wala mkutano. Mkaa unaowaka mahali pasipopitisha hewa hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyowasha macho. Nayo hushikamana na damu kwa nguvu inayoizidi ile ya oksijeni zaidi ya mara mia mbili, hata mtu akawa anapumua vizuri na huku damu yake haibebi uhai. Huanza kwa kichwa kuuma, kisha usingizi mzito, na aliyelala haamki. Kila mwaka msimu wa baridi unapoingia, huko Lushoto, Njombe, Mbeya na Limuru, wako watu ambao baada ya kupika huliingiza jiko chumbani walale na joto lake, kwa kuwa makaa yamekuwa mekundu na hayafuki tena, wakadhani kwamba moshi ukiisha hatari nayo imekwisha. Nawasihi, akina mama na akina baba, wapangaji na wenye nyumba, na ninyi wanafunzi mliopanga vyumba vya mbali na kwenu: jiko la mkaa lisivuke kizingiti cha chumba cha kulala, liwe linawaka au mnadhani limezimika. Mkimkuta mtu amelegea katika chumba chenye jiko, fungueni mlango na madirisha, mtoeni nje penye hewa, mpelekeni hospitali bila kungoja apate nafuu. Na baridi ikizidi, ongezeni blanketi.